Nimemfokea binti yangu, moyo haujatulia

Swali: Mchungaji, jana nilimfokea binti yangu mbele ya wageni kwa sababu ya sahani iliyovunjika. Nimetubu, lakini kifua bado kinafukuta. Nifanye nini?

Jibu: Mwanangu, usikimbilie sala ndefu. Imba kwanza, polepole, hata kwa sauti ya chini. Mstari mrefu wa wimbo hukufanya utoe pumzi taratibu, na hilo hutuliza mapigo ya moyo. Fungua Tenzi za Rohoni, uimbe “Yesu Kwetu ni Rafiki”. Maneno yake ya asili yaliandikwa na Joseph Scriven mwaka 1855 ili kumfariji mama yake aliyekuwa mbali, huko Ireland. Imba beti zote, usiruke hata mmoja. Halafu soma Zaburi ya 4, inayomshauri mwenye hasira atafakari kitandani na kunyamaza.

Ukitulia, mwendee binti yako. Hili ndilo wazazi wengi hatulipendi: tunatubu kwa Mungu, mtoto tunamwacha na aibu yake. Mwombe msamaha bila kuitaja sahani. Na kwa kuwa ulimfokea mbele ya wageni, wakirudi waambie, naye akiwapo, kwamba ulikosea.