Ijue Damu Yako Kabla ya Kununua Dawa

Mtu akiambiwa kuwa damu yake imepungua, mara nyingi hukimbilia duka la dawa kununua vidonge vya kuongeza damu. Katika somo hili tunaeleza kwa nini upungufu wa damu si ugonjwa mmoja, na jinsi hadubini inavyosaidia kutambua chanzo chake.

Chembe zinavyozaliwa

Kwa mtu mzima, chembe za damu huzaliwa ndani ya uboho, hasa katika mifupa ya nyonga, uti wa mgongo, mbavu na kidari. Humo zimo seli mama zinazozaa chembe za aina zote. Figo zinapohisi uhaba wa oksijeni, hutoa homoni inayouhimiza uboho kutengeneza chembe nyekundu. Chembe changa huwa kubwa, yenye kiini. Kadiri inavyokomaa hupungua ukubwa, hujaa himoglobini inayoipa wekundu, na mwishowe hukitoa nje kiini chake. Kazi hiyo huchukua takriban siku 7. Baadaye chembe huishi katika mzunguko wa damu siku zipatazo 120.

Zinavyotambuliwa

Mtaalamu wa maabara hutandaza tone la damu juu ya kioo, huliacha likauke, hulitia rangi kama vile Giemsa, kisha hulikagua likiwa limekuzwa mara 1,000. Chembe nyekundu timamu ni ya mviringo, haina kiini, na katikati imepauka kidogo. Chembe nyeupe hutambulikana kwa kiini na punje zake: nyutrofili ina kiini chenye vipande 2 hadi 5, ilhali kiini cha limfosaiti ni cha duara na huijaza karibu seli nzima. Chembe sahani, zinazogandisha damu, ni vipande vidogo mno.

Kasoro nazo huonekana. Chembe ndogo zilizopauka huashiria ukosefu wa madini ya chuma, ingawa thalasemia, ugonjwa wa kurithi, huonekana vivyo hivyo. Chembe kubwa kupita kiasi zaweza kutokana na ukosefu wa vitamini B12 au foleti. Chembe zilizopinda mithili ya mundu ni dalili ya selimundu.

Kwa nini jambo hili likuhusu

Kidonge kisicholingana na chanzo chaweza kudhuru. Mgonjwa wa selimundu anayeongezewa damu mara kwa mara huenda tayari ana chuma kingi mwilini. Anayekosa vitamini B12, akimeza foleti peke yake, damu yake yaweza kuongezeka huku neva zikiendelea kuharibika.

Ushauri wetu

1. Omba nakala ya majibu yako na uitunze.
2. Uliza kama damu yako ilikaguliwa kwa hadubini, na chembe zilionekanaje.
3. Muulize daktari chanzo cha upungufu kabla ya kulipia dawa. Kioo hicho husomwa pamoja na vipimo vingine; hakitoshi peke yake.
4. Mama mjamzito asiache vidonge alivyopewa kliniki bila kushauriwa na mhudumu wake.

Kuuliza si utovu wa adabu. Damu ni yako, na fedha ni zako.