MAUMIVU YA KIGIMBI: TAZAMA KWANZA, NDIPO UCHUE



Wengi wetu tunaumwa vigimbi (mashavu ya miguu), hasa tunaopanda mlima na maji au kuni. Jerikani ya lita 20 ikijaa huzidi kilo 20.

Kwa nini mguu hukaza?
Misuli ya kigimbi imefunikwa na utando mgumu, kama ule mweupe unaouona juu ya nyama buchani. Chini huungana na kano ya kisigino. Misuli ikichoka kila siku bila kunyooshwa, hukaza. Hapo kuchuchumaa bila kuinua visigino huwa shida.

USICHUE ikiwa:
- Mguu mmoja umevimba, una joto na unauma. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Ukichua, bonge laweza kung'oka, likaenda kwenye mapafu na kuua. Walio hatarini zaidi ni wajawazito, waliojifungua karibuni, waliopasuliwa na waliolala kitandani siku nyingi.
- Kuna jeraha, jipu au homa.
- Ulisikia kitu kukatika nyuma ya kisigino na huwezi kusimama kwa vidole.

Nenda zahanati siku hiyohiyo. Kama pumzi inabana au kifua kinauma, usingoje hata usiku.

Namna ya kuchua
1. Nawa mikono, kaa, kunja goti. Paka mafuta kidogo. Ya kupikia yanafaa.
2. Kwa vidole gumba, bonyeza polepole kutoka juu ya kisigino kupanda kigimbi. Usibonyeze nyuma ya goti.
3. Panapouma, tulia nusu dakika huku ukipandisha na kushusha wayo. Maumivu yakizidi, punguza nguvu.
4. Dakika 5 kwa kila mguu zinatosha.

Namna ya kunyoosha
Weka mikono ukutani, mguu mmoja nyuma, goti lake limenyooka, kisigino chini. Hesabu polepole hadi 30. Rudia mara 3, kisha badili mguu. Fanya tena goti la nyuma likiwa limekunjwa kidogo.

Kuchua hutuliza maumivu kwa muda. Kunyoosha kila siku, kwa wiki kadhaa, ndiko kunakolegeza kifundo.

Kwa mama na baba mnaochua majirani: kabla ya kugusa, linganisha miguu yote miwili. Mmoja ukiwa umevimba kuliko mwingine, acha mafuta, mpeleke mgonjwa zahanati.

Ukiwa na swali, muulize mhudumu wa afya wa eneo lako.