Kokwa la Embe

Kule Kilwa ya Katanga, kando ya ziwa Moero, maembe huiva wakati wa mvua. Mtoto hula embe, hutupa kokwa juani. Mbegu iliyo ndani hukauka, hufa.

Mtoto mwenye akili huosha kokwa siku ile ile. Hulipasua ukingoni kwa kisu, pole pole, hutoa mbegu, huipanda mgongo juu katika kopo lililotobolewa chini. Baada ya majuma mawili au matatu huchipua. Pengine mbegu moja hutoa miche mitatu! Huachwa ule wenye nguvu.

Mwezi wa tano mvua imekwisha. Hapo ndipo miche mingi hufa. Yafaa maji kila jioni, na boma la miiba, maana mbuzi hawana huruma. Mwembe huo huzaa baada ya miaka 5 au zaidi: aliyeupanda darasa la kwanza atakuwa darasa la sita.