Somo la Kikundi: Kilima Chetu Kikitakiwa kwa Kokoto

Safari hii tunajifunza juu ya kilima. Mmoja wetu asome kwa sauti, wengine wasikilize, halafu tuzungumze.

Vijiji vingi vina kilima chao. Mawingu yakitanda kileleni wazee wanajua majembe yatolewe. Mbuzi wanalishwa pale, kina mama wanaokota kuni na dawa, na chemchemi ya chini haikauki hata mwezi wa pili. Halafu siku moja gari geni linasimama sokoni. Watu wawili watatu wanapima-pima na kupaka mawe rangi nyeupe. Wiki ijayo habari imeenea: timbo la kokoto linakuja, na kazi zitakuwepo.

Kuhusu hizo kazi tusidanganyane. Vijana wetu wanazihitaji. Kikundi kinachoanza kwa kuwafokea kitagawanyika kabla tingatinga halijafika. Afadhali tukae nao tuulize pamoja: ni kazi ngapi, za miaka au za miezi mitatu? Mashine ya kusaga mawe ikifika, mikono mingapi itabaki? Nyumba zetu za udongo zitastahimili baruti? Shimo likijaa maji, nani atalizungushia ua watoto wasitumbukie? Na chemchemi je? Maji ya mvua huingia polepole kupitia mizizi, udongo na nyufa za mwamba ndipo yatokee huko chini. Mti ukikatwa tunapanda mwingine. Jiwe likishapakiwa kwenye lori halioti tena.

Sasa tutazame kilima cha Mrima, kusini mwa Kaunti ya Kwale. Ni kilima chenye msitu, na ndani yake mna kaya, mahali patakatifu pa Wadigo. Chini yake kuna madini ya thamani kubwa, yakiwemo niobiamu. Mwaka 2013 kampuni ya Cortec ilipewa leseni ya kuchimba, na mwaka huo huo serikali ikaifuta. Kampuni ikaishtaki Kenya mbele ya baraza la kimataifa la kusuluhisha kesi za wawekezaji, ikidai fidia ya zaidi ya dola bilioni 2. Uamuzi ulitoka mwaka 2018: kampuni ilishindwa. Kwa nini? Mrima ulikuwa tayari umehifadhiwa kisheria, kama msitu na kama turathi ya kitaifa, na leseni ilitolewa bila masharti kutimizwa, hasa tathmini ya athari kwa mazingira. Leseni ya namna hiyo, baraza likasema, haikuwa halali tangu mwanzo.

Hebu tuone hapo. Kesi ya mabilioni iliamuliwa na karatasi ambazo hazikuwepo. Kwa hiyo swali letu la kwanza kwa mwenye tingatinga lisiwe “utatulipa ngapi?” Liwe “karatasi zako ziko wapi?”

Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inataka timbo lifanyiwe tathmini na lipate leseni ya NEMA kabla ya kuanza. Wananchi wanaoguswa lazima waulizwe. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inatupa haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda kortini kuitetea hata kama yeye mwenyewe hajapata hasara. Leseni ikitolewa nasi haturidhiki, tunaweza kukata rufaa kwa baraza la taifa la mazingira ndani ya siku 60. Siku hizo huisha haraka jamani, hasa wakati wa kupanda.

Jambo moja la kuangalia sana ni ile karatasi ya mahudhurio. Watu wanaitwa mkutanoni, wanapewa soda, wanaweka sahihi. Baadaye karatasi hiyo inaweza kubandikwa kwenye ripoti kuonyesha kwamba wananchi waliulizwa. Basi tusome kilichoandikwa juu kabla ya kutia sahihi, na katibu wetu aandike kwenye daftari letu nani alisema nini, aliyekataa na aliyekubali. Tukipeleka barua ofisini, turudi na nakala iliyopigwa muhuri. Barua isiyo na muhuri huambiwa haikufika, tumeyaona hayo.

Maswali ya kuzungumza:

Kilima chetu ni ardhi ya nani kwa maandishi: ya serikali, ya kaunti, ya jamii au ya mtu? Nani kati yetu ameyaona maandishi hayo kwa macho?

Vijana wetu wangepata nini kutoka kwa kilima bila kukivunja? Wajibu wao wenyewe, wazee wasikilize.

Kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao: wawili waende ofisi ya ardhi ya kaunti kuuliza hali ya kilima. Wengine wapande na wazee, wahesabu chemchemi na makaburi, wapige picha kwa simu, waandike tarehe. Katibu atunze yote mahali pasipovuja.