Kukaanga nyama ya nguruwe na kufanya mchuzi wake

Nyama ya nguruwe ni chakula chema, lakini mara nyingine mnyoo wa tegu hujificha ndani yake. Basi itazameni kwanza. Mkiona vifuko vyeupe kama punje za mchele, msiinunue, hata bei ikiwa ndogo. Tegu akikaa tumboni, mayai yake hutoka pamoja na mavi. Anayeyameza kwa mikono michafu aweza kupata kifafa.

Nyama safi ikateni ubavuni, unene wa kidole kimoja. Kipande kinene huungua nje, na karibu na mfupa hubaki kibichi. Tieni chumvi, pakeni unga kidogo, kaangeni pande zote mbili, kisha ondoeni.

Mafuta yaliyobaki msiyamwage. Ndiyo utamu wa mchuzi. Kaangeni humo kitunguu na kijiko cha unga, mtie maji kidogo kidogo mkikoroga, usifanye madonge. Rudisheni nyama, funikeni, moto mdogo, robo saa au zaidi. Chomeni kisu karibu na mfupa: maji yakitoka mekundu, pikeni tena. Bukari iwe tayari. Bwana akirudi toka mgodini na njaa nyingi, na angoje.