Namba Kwenye Kioo cha Simu Inatoka Wapi?

Simu ikiita, namba unayoiona haijakaguliwa na mtu. Imetangazwa na upande wa mpigaji, ikapita mtambo hadi mtambo, na mtambo wako umeipokea kama ilivyoletwa. Hapo ndipo matapeli wanapopenyea.

Kazi ya kuonyesha namba ya mpigaji ilianza zama za simu za mezani. Mgiriki Theodore Paraskevakos alipata hataza ya Marekani mwaka 1973 kwa kifaa cha kutambulisha namba ya mpigaji, na mwaka 1976 Kazuo Hashimoto wa Japani akaunda kifaa cha majaribio cha kuionyesha. Marekani, namba ilipitishwa katikati ya mlio wa kwanza na wa pili, kwa hiyo mwenye pupa ya kupokea hakuona kitu. Uingereza walipoanza, mwaka 1994, waliitanguliza kabla simu haijalia.

Jina lina njia yake. Kwenye simu ya mkononi mara nyingi ni lile ulilohifadhi mwenyewe. Programu kama Truecaller, iliyoanzia Stockholm mwaka 2009, hutegemea sana majina yanayotolewa na watumiaji, ndiyo maana mwalimu anaweza kujikuta kwa watu asiowajua anaitwa "Fundi Friji".

Ukitaka kuficha namba yako, mitandao mingi hukubali #31# kabla ya namba unayoipigia. Lakini usijidanganye: namba husafiri vilevile, ikiwa na alama tu ya kuzuia isionyeshwe. Kampuni ya simu inaiona.

Kughushi ni jambo jingine. Simu zinazopitia intaneti humwezesha mpigaji kuandika namba yoyote, hata ya benki yako. Marekani ilipiga marufuku kughushi kwa nia ya ulaghai kwa sheria iliyosainiwa Desemba 2010, na kufikia Juni 30, 2021 kampuni kubwa zilitakiwa kuzitia simu za intaneti saini ya kidijitali.

Basi, akikupigia "mhudumu wa benki" akataka namba ya siri, kata. Usibishane naye, wala usimpe hata tarakimu moja "ya kuhakiki". Chukua namba iliyo nyuma ya kadi yako, iandike kwa mkono wako, upige wewe. Ukiwa Tanzania, namba ya tapeli itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15040.