Kuokota korosho hakujengi mgongo

Kuanzia Oktoba, watu wa huku kwetu Rondo hushinda mikoroshoni wameinama, wakiokota korosho na kuzing'oa kwenye mabibo. Mvua zikishika, ni jembe la mkono. Ukimhimiza mtu wa huku afanye mazoezi ya mgongo, ana haki ya kukuuliza: huu wangu umekosa kazi gani? Kazi haukukosa, ila namna ya kazi yenyewe haiujengi. Miaka ya 1950, nchini Uingereza, Floyd na Silver walipima umeme wa misuli wakaona kwamba mtu akiinama hadi mwisho, misuli ya kiuno hunyamaza na mzigo hubaki kwa kano. Anayeokota hivyo huvuta kano mchana kutwa huku misuli imelala. Nayo misuli hiyo ndiyo tunayoihitaji, hasa stahamala yake: mwaka 1984 Biering-Sørensen wa Denmark aliripoti kuwa wanaume walioweza kuushikilia mgongo kwa muda mrefu hawakuwa wepesi kupata maumivu ya kiuno kwa mara ya kwanza.

Ili kuijenga misuli hiyo, wengi hulala kifudifudi wakanyanyua mikono na miguu kwa pamoja. Mimi silipendekezi zoezi hilo. Vipimo vya Stuart McGill wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, vinaonyesha kuwa linaubana sana uti wa mgongo. Badala yake, piga magoti juu ya mkeka, viganja chini ya mabega, magoti chini ya nyonga. Kaza tumbo kidogo, bila kuzuia pumzi. Nyoosha mguu wa kulia nyuma na mkono wa kushoto mbele, visipande juu ya usawa wa mgongo, kwani hapo kiuno hubonyea na faida huisha. Shikilia kama sekunde 8, rudi, badilisha upande. Ukitaka kujikagua, mtu akulazie fimbo kiunoni: ikibingirika, nyonga imepinda, basi usinyooshe mguu mbali sana. Wepesi wa zoezi hili unadanganya. Jaribu polepole uone.

Wapo wanaosema mwenye kiuno kibovu apumzike tu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 unapendekeza mazoezi kwa maumivu sugu ya kiuno. Lakini ukiona ganzi mapajani kwa ndani, mguu kuishiwa nguvu au mkojo kukutoka, nenda hospitali siku hiyohiyo.